Shingo ya Fundi Elinipa

Ukifika Olasiti ukamuulizia fundi mageti anayeimba, hutapotea. Utapelekwa kwa Elinipa, mama wa miaka hamsini na kitu, mwenye mikono mipana, na ambaye kwaya ya usharika wake huko mlimani Meru haianzi wimbo bila yeye. Kila asubuhi huteremka kutoka kwenye migomba na mibuni ya mumewe, Gadiel, akavaa ovaroli, akawasha mashine ya kuchomelea, na wimbo ukaanza pamoja na cheche. Aliishika kazi hiyo akiwa binti mbichi kutoka chuo cha ufundi, wateja wakimuuliza fundi mwenyewe yuko wapi. Leo mageti yake yametapakaa hadi Themi, na akiyapita barabarani huyatupia jicho kama bibi anayekagua wajukuu.

Uso aliulinda kwa ngao ya mkononi yenye kioo cheusi. Shingo hakuwahi kuifikiria. Vifungo vya juu vya ovaroli aliviacha wazi kwa ajili ya joto, na jioni nyingine ngozi ya shingoni iliwaka, ikabanduka kama ya mtu aliyechomwa na jua. Alipaka mafuta, akalala, kesho yake akarudi kazini.

Mwaka mmoja bintiye wa mwisho, Anande, akapata mchumba. Siku ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti kwao, Elinipa alishuka Levolosi kwenye saluni ya Faudhia, msichana mwenye mkono mwepesi ambaye ndiye aliyewapamba wanawake wa ukoo huo kila walipokuwa na shughuli. Faudhia alimwamkia, akamkalisha, akaanza kazi. Alipofika chini ya sikio la kushoto, mkono ukasita. Palikuwa na kidonda kidogo kama punje ya harage, kina gamba, na kingo zake zimeinuka.

"Mama Anande," akasema, "hiki si ndicho nilichokifunika Pasaka, ulipokuja kwa sherehe ya mpwa wako?"

Elinipa akajibu kuwa ni cheche tu iliyomrukia, kinapona, kinarudi.

"Cheche haiachi kidonda kutoka Pasaka mpaka leo. Nisamehe, mama yangu. Poda nitakupaka kote, lakini hapa sipaki. Hapa ni pa daktari."

Elinipa alinuna. Siku ya furaha kama ile, na mtoto wa watu anamtajia madaktari. Faudhia hakubishana naye. Alichukua kitenge, akamfunga kilemba kilichoshuka upande wa kushoto kikafunika pale mahali, na kule ukumbini shangazi wawili wakamfuata kumuuliza mtindo ule unafungwaje. Elinipa akacheza mpaka viatu vikamshinda. Lakini neno lilikuwa limeshaingia. Katikati ya vigelegele mkono wake ulikwenda shingoni wenyewe.

Jumatatu akamwambia mumewe. Gadiel ni mtu wa utani hata msibani, ila siku hiyo hakutania. Alivaa koti lake la kanisani, wakaenda hospitali pamoja.

Daktari alikuwa mwanamke, mpole. Alikitazama kidonda, kisha akauliza habari za kazi. Alieleza kwamba mwanga wa kuchomelea una miale ileile ya jua inayounguza ngozi, tena kali, na fundi yuko karibu nayo kutwa. Ngozi inayounguzwa miaka nenda miaka rudi inaweza kuota saratani. Weusi wa ngozi unakinga, lakini si ukuta. Hakuweza kuapa kwamba ni kazi peke yake, maana jua nalo halikuisaza shingo ile. La hakika ni kwamba kidonda kisichopona hukatwa kikapimwe.

Neno saratani lilimkausha Elinipa mate. Akauliza lile lililokuwa likimsumbua kuliko yote.

"Daktari, nitaimba tena?"

"Utaimba, mama. Hiki kiko kwenye ngozi. Sauti yako iko mbali nacho."

Alichomwa sindano ya ganzi, kidonda kikakatwa, akashonwa. Kwenye harusi ya Anande aliingia kanisani na plasta shingoni, na wimbo aliuanzisha yeye. Majibu yalitoka baadaye: ilikuwa saratani ya ngozi kweli, lakini changa, na yote ilikuwa imetoka. Alitakiwa arudi kuangaliwa mara kwa mara, basi. Walipotoka nje ya hospitali, Gadiel aliketi kwenye ngazi akacheka huku machozi yanamtoka. Elinipa akaanza kuimba palepale, na mlinzi aliyekuja kumnyamazisha akaishia kuitikia.

Kazini alirudi na ngao ya kuvaa kichwani, ngozi ya ng'ombe ikining'inia kutoka kidevuni hadi kifuani, na vifungo vyote vimefungwa. Alitundika na turubai kuzunguka mahali pa kuchomelea ili mwanga usiwapige wengine. Meshack, fundi mwenzake, alimwambia amekuwa mrina asali. Elinipa akamwomba afungue kola. Shingo ya Meshack ilikuwa imebabuka, rangi mbilimbili. Naye aliitazama kwenye kioo cha pikipiki, na kicheko kikamwisha. Wiki haikuisha kabla hajajishonea kinga yake ya shingo.

Jumapili moja Faudhia akaalikwa mlimani. Gadiel, akijua dini ya mgeni, alikuwa amemwita jirani yao Mwislamu mapema aje kuchinja mbuzi. Elinipa mwenyewe alipika loshoro, ndizi na mahindi katika maziwa mgando, akamjazia bakuli mpaka likafurika.

"Kula, mwanangu," akamwambia. "Kwenye saluni ulinikatalia. Leo kukataa ni marufuku."

Faudhia akala, akaongezwa. Kahawa ilipokwisha kumiminwa Anande akafika na mumewe, na nyumba ikajaa kelele. Mawingu yalikuwa yameachia kilele cha Meru, lakini hakuna aliyekitazama. Gadiel alikuwa anafundishwa na Faudhia kufunga kilemba.