Picha za Migongo

Jumanne iliyopita asubuhi nilipigiwa simu kutoka Puge. Namba sikuijua, na kwa umri wangu namba nisiyoijua huwa naipokea nikiwa nimekaa. Sauti ya mwanamke ikasema, "Shikamoo mzee. Mimi ni binti wa yule gadi wa treni. Baba ametutoka jana jioni. Tunazika kesho saa nane mchana." Nikaitikia marahaba, nikampa pole, nikauliza aliugua nini, akasema ni kifua, wiki mbili tu. Kisha akaongeza, "Ukiweza kuja, njoo mzee. Kuna kitu chako hapa." Alipokata simu niliendelea kuishika mkononi. Nyumba yangu siku hizi ina mazungumzo machache kiasi kwamba kila moja likiisha naliona limeisha. Nilijiuliza ni kitu gani changu kinaweza kuwa kwa gadi. Hatukuwa marafiki. Tulikuwa watu wawili wanaofahamiana, na kati yetu palikuwa na neno moja nililoliandika mimi, ambalo kwa miaka mingi nilikuwa nakusudia kulifuta.

Wasomaji wa safu hii wanajua kwamba kabla ya kushika kalamu nilikuwa na studio ya picha hapa mjini Tabora. Nilipiga maharusi, nilipiga wahitimu, nilipiga watoto wa ubatizo. Studio yangu ilikuwa na sheria, nami niliisimamia kama amri: mtu apigwe mzima, kuanzia nywele hadi viatu, uso mbele, mikono imetulia. Mteja aliyekatwa viatu alirudisha picha, na alikuwa na haki, kwa sababu viatu vile pengine aliviazima kwa ajili ya siku hiyo. Sheria ile ilinilisha. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kilichonilisha mimi ndicho kipimo cha kila mtu aliyewahi kushika kamera.

Wakati huo kikundi cha wapenda picha hapa mjini kiliendesha shindano kila mwaka, la watu wasiofanya picha kama kazi: walimu, wauguzi, wakulima wa tumbaku, mafundi. Picha zilisafishwa kwa ukubwa mmoja na kutundikwa ukumbini kwa namba, bila jina. Jaji alipita peke yake siku moja kabla na kuandika maoni yake kwa penseli nyuma ya kila picha. Siku ya matokeo, washindi wakishatajwa, ilikuja saa ambayo wote waliisubiri kuliko zawadi. Tuliiita kugeuza. Kila mtu alikwenda kwenye picha yake, akaitoa msumarini, akaigeuza, akasoma. Jaji kwa miaka saba mfululizo nilikuwa mimi. Nilijua kwamba watu husomeana kwa sauti na kuchekana, basi nikawa naandika ili watu wacheke. Mwalimu mmoja nilimwandikia kwamba ng'ombe wake ametoka vizuri kuliko mkewe. Muuguzi mmoja nilimwandikia kwamba picha yake inahitaji kulazwa. Ukumbi ulivunjika mbavu, nami nilisimama karibu na mlango nimefunga mikono, najiona mtu wa maana. Yule muuguzi sikumwona tena mwaka uliofuata. Sikujiuliza kwa nini.

Mwaka wangu wa saba ililetwa picha namba kumi na nne. Ilionyesha jukwaa la stesheni, na juu ya jukwaa watu kama ishirini, wote wametupa mgongo. Mama aliyefunga mtoto, mzee mwenye bakora, wasichana wawili wameshikana mikono, wote wanaondoka. Hapakuwa na uso hata mmoja. Upeo wa macho umeinama, nguzo imekula upande wa kushoto. Sikuiangalia hata dakika moja. Nikaandika, "Mpigaji amechelewa. Watu wameshageuka. Migongo si picha."

Siku ya kugeuza, aliyeitoa msumarini alikuwa mtu mrefu mwenye koti la kaki, ambaye nusu ya mji ilimjua. Alikuwa gadi wa treni. Kwa vijana wasiojua reli, gadi ni yule anayesafiri behewa la mwisho, na treni haiondoki mpaka apepee bendera yake ya kijani. Alisoma polepole, midomo ikicheza. Kijana aliyesimama nyuma yake akasoma pia, kwa sauti ya kutosha ukumbi mzima, halafu akapiga kelele, "Gadi! Leo treni imekuacha!" Mwingine akadakia, "Pepea bendera, kaka, labda watageuka!" Watu walicheka hadi wakashika viti. Gadi naye alicheka. Akanitafuta kwa macho, akaniona pale mlangoni, akasema, "Haya, Bwana Picha, nimesikia." Akaitia picha kwenye mkoba wake. Hakuleta nyingine tena mwaka uliofuata, wala mwaka ule mwingine.

Miaka miwili baadaye mke wangu alisafiri kwenda Dar es Salaam kwa matibabu. Dada yake alimsindikiza, mimi nikabaki kuangalia nyumba na studio, tukiamini ni majuma matatu. Nilisimama jukwaani chini ya dirisha lake. Tuliongea yale mambo watu wanayoongea treni ikiwa imesimama, kuhusu ufunguo wa kabati na kuku. Treni ilipoanza kwenda nilipunga mkono mpaka dirisha lake likapita, kisha nikageuka nikaenda zangu. Mabehewa mengine yalikuwa bado yanapita nyuma yangu. Sikuyaangalia. Nani huangalia behewa la mwisho? Wangu alikuwa ameshapita. Hakurudi akiwa hai, na kwa muda mrefu nilikuwa nikiwaambia watu kwamba sikumbuki neno lake la mwisho kwangu, maana ni kweli, sikulikumbuka.

Ilikuwa miezi mingi baada ya mazishi, nimekaa barazani sifanyi lolote, ndipo picha namba kumi na nne iliponirudia. Niliiona kana kwamba nimeishika. Nikatambua kwamba gadi hakuchelewa. Yeye yuko behewa la mwisho. Wanaopunga mkono wanampungia mtu wa dirishani, na dirisha lile likishapita wanageuka, na hapo ndipo behewa lake linapofika. Miaka yote ya kazi yake hicho ndicho alichoona katika kila stesheni: watu wakati ule ambao wanadhani hakuna tena anayewaangalia. Uso wa jukwaani umevaa tabasamu kwa ajili ya msafiri. Mgongo haujavaa kitu. Alituletea jambo ambalo hakuna mwingine ukumbini pale aliyewahi kuliona, nami nilimwambia mtu aliye ndani ya treni inayokwenda kwamba amechelewa.

Mngedhani nilimtafuta siku ileile. Sikumtafuta. Nilijiambia kwamba ameshasahau. Tukaja kukutana sokoni, yeye ameshastaafu na kurudi kwao Puge, amekuja mjini kutafuta mbegu. "Bwana Picha!" akaita kutoka mbali. "Bado unachinja watu?"

"Nimeacha, Gadi. Wamechukua jaji mwingine."

"Afadhali. Majeruhi wamepona." Tukacheka. Kisha akapunguza sauti. "Nilisikia habari za mama. Pole sana, bwana."

"Nimeshapoa."

Akaniangalia kama mtu anayepima kamba kwa macho. "Siku ile ya treni..." akaanza.

"Siku ipi?"

"Basi tu. Tutaongea."

Ule ndio ulikuwa wakati wangu. Maneno nilikuwa nayo, nilishayapanga barazani mara nyingi: nilikosea, picha yako ilikuwa nzuri, mimi ndiye sikuangalia. Badala yake nikamuuliza mvua huko kwenu ikoje. Akanijibu kuhusu mvua. Tukaagana. Sikumwona tena.

Kwa hiyo Jumatano nilipanda basi la Nzega, nikapita Isikizya nikiwa na koti langu la misiba magotini. Barabara ile inakatiza nchi ambayo zamani misafara ilipita na mizigo kuelekea pwani, na babu zetu wengi walikuwa wapagazi. Walitembea mmoja nyuma ya mwingine, miezi kadhaa, na kila mtu alichokiona siku nzima ni mgongo wa aliye mbele yake. Nadhani walijuana kwa migongo. Mtu alijua mwenzake amechoka, ana homa, amekumbuka kwao, bila kumwona uso. Sisi wajukuu zao tumejifunza kutazamana usoni, na sasa tunajitazama wenyewe kwenye simu, na sina hakika kama tunaonana zaidi.

Nilifika Puge watu wameshakwenda makaburini. Katekista alikuwa anasali. Nikasimama nyuma kabisa, na mbele yangu palikuwa na ukuta wa migongo: vitenge, makoti, shati moja la shule lililochanika kwenye bega. Hakuna aliyejua nimefika. Niliwaangalia vizuri, mmoja mmoja, kama ambavyo ilinipasa kuangalia siku ile ukumbini. Mama mmoja alikuwa akiupapasa mgongo wa mwenzake kwa kiganja, taratibu, bila kumgeukia.

Baada ya chakula binti yake alinifuata akiwa na bati la biskuti. "Hizi ni za baba," akasema. Lilijaa picha, na zote zilikuwa za migongo, kutoka stesheni ambazo nyingine nilizitambua na nyingine sikuzitambua. Nikamwambia nilidhani baba yake aliacha kupiga picha. "Kupiga hakuacha," akasema. "Aliacha kuonyesha. Hata sisi hakutuonyesha mpaka alipougua." Halafu akatoa moja iliyofungwa peke yake kwenye mfuko wa nailoni. "Hii alisema ni yako. Nikamwambia, baba, si umpelekee? Akacheka, akasema, yule bwana atasema nimechelewa."

Binti alisema hivyo bila ubaya wowote, kama mtu anayesimulia kichekesho cha mzazi wake. Hakujua maneno yale yalitoka kwa nani.

Ni mgongo wangu. Shati jeupe, bega la kushoto limeshuka kuliko la kulia, jambo ambalo katika maisha yangu yote ya kupiga watu picha sikuwahi kulijua kuhusu mimi mwenyewe. Ninatembea kutoka kwenye treni ya mke wangu. Upeo umeinama kama kawaida ya gadi, na nguzo imeingia tena upande wa kushoto. Na mkononi nimeshika mwavuli, ule wa maua wa mke wangu, uliofungwa. Nilipouona ule mwavuli nilisikia sauti yake kama yuko kwenye dirisha la nyumba ile ya msiba. Treni ilikuwa imeanza kusogea, akaupitisha nje haraka, akasema, "Chukua mwavuli, wingu lile ni la mvua. Mimi niko ndani." Hilo ndilo lilikuwa neno lake la mwisho kwangu. Nilikuwa nimelipoteza kwa miaka yote hiyo, na aliyelitunza ni mtu niliyemwambia kwamba migongo si picha.

Siku hizi shindano linafanyika kwenye simu. Majaji hawapo, wapo watazamaji, na kila picha inaandikiwa "kali" na "moto" na mioyo myekundu. Vijana hunitumia picha zao wakitaka maoni ya mzee, na ninaona wengi wamezoea sifa hata hawajui tena nguzo ikiingia pembeni inasumbua. Sisemi tuwasifu tu. Picha ya gadi ilikuwa na kasoro, na mtu wa kumwambia kasoro hizo alihitajika: shika kamera sawa, ngoja nguzo ipite. Lakini maneno hayo yalitakiwa kuja baada ya swali moja ambalo sikuuliza: kwa nini umesubiri wageuke? Angenijibu kwa sentensi mbili, na ukumbi mzima ungenyamaza. Sasa kijana akinitumia picha, kwanza namuuliza alisimama wapi na alikuwa anaangalia nini. Wengine hawajibu. Wanaojibu, mara nyingi jibu lao ndilo linanifundisha picha yenyewe ilipaswa kuwa ipi. Jaji asiyejua mtu alisimama wapi hana anachohukumu isipokuwa desturi zake mwenyewe.

Picha yangu iko hapa mbele yangu ninapoandika. Nyuma yake palikuwa peupe. Gadi hakuandika tarehe, hakuandika jina. Aliacha nafasi ya jaji kama tulivyokuwa tukiacha ukumbini. Jana alasiri nilichonga penseli, nikavaa miwani, nikaandika neno moja: "Amewahi." Kisha nikaitundika ukutani, kwenye msumari wa picha ya harusi yetu niliyoishusha zamani. Hakuna wa kuigeuza.