Betri Imechoka

Mume wangu Abdala hakuwa na hata shati moja zima. Maji ya betri yalikuwa yameyatoboa yote, tumboni na mikononi, pale anapoikumbatia betri akiipandisha kwenye lori. Nilishona viraka mpaka nikachoka, nikamwambia siku nyingine avae gunia. Akacheka, akasema gunia nalo litatoboka.

Enzi zile za vijiji vya ujamaa, ukisikia mahali pana mkutano wenye kipaza sauti Rungwe hii, ujue Abdala wa Bulyaga yupo. Alikuwa na amplifaya moja, maiki moja, spika mbili zenye midomo mipana, na betri ya lori ambayo siku za mkutano aliipenda kuliko mimi. Ikipungua maji aliiongezea ya mvua, na mvua huku kwetu haiombwi. Aliyakinga kwenye beseni langu zuri la maua, katikati ya uwanja wa nyumba, na ole wangu niyaguse kwa kufulia.

Alikuwa na ujanja mmoja ambao mji mzima uliujua. Mzungumzaji akirefusha maneno, watu wakianza kupiga miayo, Abdala alilegeza waya kwenye kichwa cha betri kwa kidole tu. Sauti inakatika. Anasimama kwa adabu, mikono nyuma, anaomba radhi kwamba betri imechoka. Mheshimiwa anamalizia kwa koo lake mwenyewe, haraka haraka, watu wanakwenda kula. Ngoma ikianza, betri inapona. Nilimwambia uongo huo utakuja kumtokea puani.

Ukamtokea Isongole, Julai ya sabini na tatu, siku ya wanakisomo. Watu wazima waliojifunza kusoma walikuwa waonyeshe kazi yao mbele ya kijiji, na mmoja wao alikuwa Tusekile, mkulima wa viazi, umri wake kama hamsini, mwenye sauti ndogo sana. Mumewe, Nsajigwa, alikuwa ametangaza kilabuni kwamba mkewe hajui kusoma, amekariri tu kitabu kama anavyokariri nyimbo za kanisani. Ndiyo maana mwalimu akapanga Tusekile apewe gazeti ambalo hajawahi kuliona, alisome mbele ya wote. Nsajigwa alikataa kuketi na watu. Alisimama juu kabisa ya mteremko, kwenye matuta ya viazi, akajifanya anapalilia. Bila spika asingesikia kitu, na Tusekile alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Nami nilikuwepo, maana nilikuwa nimefuata mbegu za viazi. Ukungu ulikuwa umeshuka, baridi ya kukata masikio. Mgeni rasmi alikuwa amekwisha kuusikia ule ujanja, na asubuhi alimwonya Abdala kwamba akithubutu kumkatia sauti wataonana ofisini. Abdala akanywea. Mgeni akazungumza saa mbili na nusu, akarudia habari za mbolea mara tatu, na mume wangu hakugusa waya. Kisha bwana yule akapanda gari lake akaondoka kabla wanakisomo hawajaitwa. Sijamsamehe mpaka leo.

Tusekile akashika maiki na gazeti. Neno la kwanza likatoka, la pili likakwaruza, la tatu halikutoka. Abdala akakaza waya, akakwangua vichwa vya betri kwa kisu, wapi. Akasimama, na safari hii mikono haikwenda nyuma.

"Samahani mama," akasema, "betri imechoka."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Walidhani ni ule mchezo wake, na Tusekile naye alidhani hivyo hivyo. Niliuona uso wa mtu anayeambiwa anyamaze kama wale wenye maneno mengi, wakati hajamaliza hata sentensi moja. Nilimwonea aibu mume wangu. Abdala akamfuata, akaapa kwa Mungu kwamba mara hii ni kweli, machozi yanamlengalenga. Tusekile akamwamini. Kisha, kwa Kiswahili chake cha milimani, akimwita tata, yaani baba, akamjibu kama ambavyo angejibu kuhusu mgeni aliyefika hoi mlangoni.

"Kama imechoka, tata, tuipeleke kwangu ipumusike."

Hakuwa anatania. Kwake yeye kuchoka kulikuwa na maana moja tu. Wanawake wawili wakaibeba betri hadi jikoni kwake, wakaiweka kando ya moto, na Tusekile akaifunika blanketi lake la kulalia. Abdala akaisogeza hatua tatu nyuma, akieleza kwamba betri hutoa hewa inayoshika moto, lakini blanketi hakuthubutu kuliondoa. Nusura nicheke. Watu wakapewa viazi vya kuchemsha, wakala, wakaongezwa.

Fundi wa gereji alikuja kunieleza baadaye kwamba betri yenye baridi hulegea, na ikipata joto na mapumziko hurudisha nguvu kidogo. Siku ile hatukuyajua hayo. Abdala alifunga waya bila tumaini lolote. Spika ikakohoa, ikaitika.

Ilidumu labda dakika nne. Tusekile alisoma habari ya kuogesha ng'ombe, silabi kwa silabi, kidole kikitembea juu ya gazeti, na ile sauti yake ndogo ikapanda mteremko mzima. Kule juu jembe likasimama. Nsajigwa akashuka, akapita katikati ya watu, akatoa mfukoni barua ya mtoto wao aliyekuwa jeshini, barua aliyokaa nayo wiki nzima akimsubiri katekista aje amsomee. Akampa mkewe kwa mikono miwili.

Tangu siku ile Abdala hakumkatia mtu sauti tena. Watu walisikiliza hotuba mpaka magoti yakauma, na lawama wakaniletea mimi. Maneno yale ya betri kuchoka akawa anayasema pale tu yanapokuwa kweli.

Miaka ikapita, kifua chake kikaharibika. Mchana mmoja wa mvua aliniita, akasema taratibu, "Mwanaamina, betri imechoka."

Nilijua hadanganyi. Nikakisogeza kitanda karibu na moto, nikamfunika blanketi langu, nikamshika mkono mpaka alasiri alipoondoka.