Ng'ombe wa Suzana na Mshahara wa Jilala

Mwaka ambao dhahabu ilipanda bei kuliko nilivyowahi kuiona, Mzee Edward alitangaza kwamba hali yake ni mbaya.

Alibandika karatasi kwenye geti la karasha lake pale Mwakitolyo, ile mitambo ya kusaga mawe ya wachimbaji. Karatasi ilisema kwamba kutokana na bei ya dizeli na mtikisiko wa uchumi wa dunia, mishahara ya wafanyakazi wote inapunguzwa kwa theluthi mpaka hali itengemae. Chini yake akaongeza kwa kalamu, kwa mkono wake mwenyewe: *Sisi ni familia moja.*

Dizeli nilikuwa namuuzia mimi. Kupanda, ilipanda kweli. Baadaye ikashuka, na mashine zikaendelea kunguruma kama kawaida, lakini karatasi ilibaki pale pale ikipigwa jua. Nadhani gundi yake ilikuwa nzuri sana.

Katika familia hiyo mpya alikuwemo Jilala, msimamizi wa zamu. Zamani alikuwa dalali wa ng'ombe kwenye mnada wa Tinde, mtu wa kukushika mkono ukiwa na ng'ombe mmoja aliyekonda na kukuachia ukiwa na hela ya mnene. Aliacha udalali kwa sababu mkewe, Philomena, alitaka mume mwenye mshahara wa uhakika. Basi uhakika akaupata, mpaka siku ya karatasi.

Kilichomuuma ni nyumba. Alikuwa amesimamisha vyumba viwili vya tofali za kuchoma nje kidogo ya Tinde. Kuta zilikwisha, kenchi zilipigiliwa, bado bati. Na mwenye chumba walichopanga alishawaambia kwamba mvua zikianza anakitaka chumba chake, mwanawe anaoa. Kila mwezi Jilala alikuwa ananunua bati kidogo kidogo. Baada ya karatasi, akawa hanunui tena.

"Baba Wema, kaongee na huyo mzee," Philomena alimwambia.

"Nimeongea naye."

"Akasemaje?"

"Amesikitika sana. Anasema siku hizi anakunywa chai kavu."

"Na mshahara?"

"Hatukufika huko. Ilibidi nimbembeleze kwanza."

Mara zikaja kadi za harusi. Suzana, binti wa Mzee Edward, alikuwa anaposwa na kijana wa Ushirombo anayeitwa Innocent, na kila mfanyakazi akapewa kadi ya mchango yenye kiwango kilichochapwa kabisa, asije mtu akapata taabu ya kufikiri. Vijana wa zamu walizishika zile kadi kama mtu aliyeshikishwa nyoka. Theluthi yao imekatwa, na sasa familia inawaomba wachangie kutoka kwenye mbili zilizobaki.

Yangeishia hapo, kama Mzee Edward asingekuwa amegombana na mdogo wake kwa ajili ya kiwanja. Kwetu huku mwenye binti hajisemei mwenyewe siku ya mahari. Anakaa kimya kama mgeni, ndugu yake ndiye anayesema. Mzee akatazama kulia na kushoto, ndugu hana. Akamwita Jilala ofisini.

"Wewe umekulia mnadani," alimwambia. "Nataka utusemee. Wasitupe chini ya ng'ombe ishirini na tano."

"Nitakaa pale kama nani, mzee?"

"Kama mdogo wangu! Si nimeshasema sisi ni familia?"

"Nimekuelewa, kaka," alijibu Jilala. Tangu siku ile hakumwita tena mzee.

Siku yenyewe na mimi nilikuwepo, nimewekwa upande wa mwenye binti kujaza viti. Kwa mtu anayekunywa chai kavu, Mzee Edward alijitahidi. Hema lilikodiwa Shinyanga mjini, viti vimevalishwa vitambaa na kufungwa utepe mgongoni, dume zima limelala kwenye sufuria za pilau. Jilala alipita akiugusa ule utepe kiti hadi kiti.

Wageni waliingia na mzee Tarsisi, mshenga wao, katekista mstaafu mwenye sauti ya upole inayokufanya uangalie mfuko wako. Baada ya salamu na soda, alifungua kitambaa na kupanga vijiti mkekani, kila kijiti ng'ombe mmoja. Vikaisha mapema. Kumi na viwili.

Jilala aliinama akavitazama vizuri. "Baba Tarsisi, hivi ndivyo ng'ombe wenyewe, au umetuletea kuni za chai?"

Watu walicheka pande zote mbili. Tarsisi naye akacheka, kisha akafuta macho.

"Mwanangu, kwetu ng'ombe wapo. Lakini huyu dada yangu Vaileth anauza vitenge pale Mwakitolyo, mbele ya geti la mkwe wetu. Mama, hebu waambie."

Mama Vaileth, shangazi wa bwana harusi, alirekebisha kitenge chake. "Ile karatasi naisoma kila asubuhi nikitandika biashara. Siku hizi naijua kama Baba Yetu." Akaisoma kwa kichwa mwanzo mpaka mwisho, mtikisiko wa uchumi wa dunia na familia moja, hakuruka neno.

"Sasa," alisema Tarsisi kwa huruma nyingi, "mtu aliyeshindwa kuwalipa vijana wake ana shida kubwa. Kesho akikwama zaidi atamkimbilia nani, kama si mkwewe Innocent? Ndiyo maana wale ng'ombe wengine tumewaacha nyumbani. Tumewatunza kwa ajili yake."

Sikuwahi kuona mtu akipewa pole akavimba shingo namna ile. Mzee Edward alifungua mdomo, akakumbuka haruhusiwi kusema, akaufunga.

"Mtatupa ruhusa tukanong'one," alisema Jilala.

Tulitoka, tukasimama nyuma ya jiko, mvuke wa pilau ukitupiga usoni.

"Waambie ni uongo!" alifoka Mzee Edward.

"Uongo upi, kaka? Mshahara wangu wa mwezi jana niliuhesabu mwenyewe."

"Waambie biashara ni nzuri."

"Nitasema. Halafu mama Vaileth ataniuliza, kama ni nzuri, vijana wamekatwa kwa nini? Nijibu nini?"

"Ile karatasi nitaibandua kesho asubuhi."

"Karatasi haina ubaya, kaka. Ubaya ni kwamba yule mama yupo getini kila siku, na vijana wananunua vitenge kwake kwa mkopo. Nikidanganya leo, atajua kesho, na anayekwenda kuishi na hao watu ni Suzana."

"Unanitega, Jilala."

"Mimi nikutege? Mdogo wako?"

Mzee alipumua kwa nguvu. "Haya. Waambie mishahara imerudi."

"Sema wewe. Nitaomba wakuruhusu. Na useme na ile ya nyuma, miezi yote iliyokatwa."

"Ya nyuma hapana! Unataka kuniua?"

"Basi, kaka, twende tukapokee kumi na wawili tushukuru, tuseme wabeja. Ni msaada mkubwa kwa mtu mwenye hali yako."

Mlango wa jiko ulifunguliwa. Suzana alitoa kichwa, amesukwa, amepakwa hina, amekunja uso.

"Baba, wanasema huko nimefika ng'ombe kumi na wawili. Ni kweli?"

Mzee Edward alimtazama binti, akalitazama hema, akatazama vile viti vyenye utepe. Nimekaa sokoni miaka mingi, namjua mtu anapofika bei yake.

"Na ya nyuma," alisema, kama anayetema jino.

Tulirudi. Jilala aliomba kaka yake apewe ruhusa ya kusema neno moja, na Mzee Edward akasema mbele ya wakwe na mkeka kwamba vijana wake watalipwa mshahara kamili kuanzia mwezi huu, pamoja na vyote vilivyokatwa. Neno likishasemwa mbele ya vijiti halirudi kwa mwenyewe, pande mbili zinalishika, na kulikana ni aibu ya ukoo. Mama Vaileth alirudia kila neno taratibu. Huyo hakuhitaji karatasi.

"Kumbe mkwe wetu ni mtu mwenye uwezo," alisema Tarsisi, huruma imemwisha ghafla.

"Ndiyo maana nikauliza kuhusu kuni," alijibu Jilala, kisha dalali wa Tinde akaanza kazi. Jua lilipoegemea upande wa pili wa hema, mkekani kulikuwa na vijiti ishirini na sita. Mzee Edward alikuwa anatabasamu peke yake. Ng'ombe walioongezeka walitosha kuwalipa vijana wote na wengine wakabaki zizini. Kwa hiyo mpaka leo simjui mtu aliyepata hasara siku ile.

Jumatatu geti lilikuwa na karatasi mpya. Ilisema kwamba uongozi, kwa upendo na kwa kuwajali wafanyakazi wake, umeamua wenyewe kurejesha mishahara. Mama Vaileth aliisoma, akacheka mpaka akaangusha doti ya kitenge.

Jilala alilipwa, akanunua bati, na mvua ya kwanza ilimkuta Philomena chini ya paa lake akilalamika kwamba linapiga kelele.

Kadi ya mchango hakuisahau. Alimpelekea Mzee Edward ofisini, ndani ya bahasha safi, theluthi mbili za kiwango kilichochapwa.

"Hii imepungua," alisema mzee.

"Ndiyo, kaka. Mtikisiko wa uchumi," alijibu Jilala. "Hiyo nyingine nitaleta hali ikitengemaa."