Mpira wa Gurudumu Ndani ya Pampu

Mama alifia barabarani, kati ya Yanonge na Lubunga, na muda wote wa matanga sikumsikia mtu hata mmoja akiuliza kwa nini lori lilizimika. Walisema tu kwamba lilizimika. Halafu wakasema Mungu amependa. Halafu tonton, mdogo wake baba, akasema kuna mtu alilizuia.

Lori ni la baba. Ni la zamani kuliko mimi, la petroli, lenye pua ndefu ya mviringo, na baba alilinunua kwa mapadri waliokuwa wamelichoka. Kwa miaka mingi lilibeba mihogo, ndizi na mafuta ya mawese kutoka vijiji vya njia ya Opala hadi kwetu Lubunga, ng'ambo ya mto kutoka jijini. Nilipokuwa msichana nilisafiri na baba, nikimshikia spana na kumsikiliza akiisema injini kana kwamba ni mke wa pili. Leo mimi ni fundi wa kushona, nina cherehani yangu karibu na kivuko, lakini mambo ya lile lori hayajanitoka mikononi.

Mama alikuwa amekwenda Yanonge kumtembelea dada yake mkubwa. Huko tumbo likamshika vibaya. Tulipopigiwa simu, mimi na baba tukaondoka asubuhi ile ile tumlete hospitali ya jijini. Wakati wa kwenda lori lilikohoa kidogo tu. Wakati wa kurudi, mama akiwa amelala nyuma kwenye godoro, likaanza kuzimika. Baba alifungua boneti, akanyonya petroli kwa mdomo, akaitemea kwenye kabureta. Likawaka, likaenda mwendo wa mtu anayetembea kwa mguu, likazimika tena. Alirudia hivyo mpaka midomo ikambabuka. Mwishowe tukasimamisha pikipiki. Mama alikaa katikati, mimi nyuma yake nikimshikilia; baba alibaki na lori. Kabla hatujauona mto, mwili wake ukanilemea wote. Dereva alielewa hata kabla sijamwambia, akapunguza mwendo.

Sasa tonton. Yeye anaongoza kundi la maombi na watu wanamsikiliza. Alisimama katikati ya viti vya matanga akasema, "Gari ilienda Yanonge muzima. Ilitoka Yanonge na mugonjwa, ikakufa. Donc kuna mutu kule aliifunga. Mi sitaji jina."

Hakuhitaji kulitaja. Kila mtu alijua ni mama mukubwa, dada yake mama, mjane anayeishi peke yake, aliyekuwa amemwosha mama, akampikia uji, akasaidia kumbeba hadi kwenye lori huku akilia. Mtu mmoja nyuma yangu akalitoa lile neno la uchawi, ndoki, kwa sauti ya chini, na wengine wakaitikia kwa kuguna. Kabla ya wiki kwisha tukasikia kwamba vijana wa kule wamekichoma moto kibanda cha jiko lake. Tonton alipopata habari alitikisa kichwa kwa huruma, kama mtu asiyehusika, kisha akasema lori nalo liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu kwa sababu lina laana.

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha mbao. Kimya chake kiliniuma kuliko maneno ya mdogo wake. Mtu aliyeishi na injini maisha yake yote, anayejua kwamba injini haizimiki bila sababu, alikaa pale akaacha shemeji yake aitwe mchawi.

Nikaenda kulichukua sanduku la spana, nikalifuata lori, lililokuwa limevutwa kwa kamba hadi uani.

Pampu ya petroli ya lori lile imefungwa ubavuni mwa injini kwa bolti mbili. Ina mkono mdogo wa chuma unaosukumwa na injini inapozunguka. Mkono unavuta utando wa mpira uliomo ndani, utando unavuta petroli kutoka tangini na kuipeleka kwenye kabureta. Ni hayo tu. Hakuna umeme wala siri. Nilichomoa kwanza kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa nyepesi kama maji, inanuka petroli. Nikajua utando umepasuka na petroli imekuwa ikimwagikia tumboni mwa injini.

Baba alikuja akasimama nyuma yangu. "Acha hiyo kitu," alisema.

"Siachi."

"Mama yako hatarudi kwa sababu ya pompe."

"Najua hatarudi, papa. Nataka kuona nini ilimuua."

Hakuondoka. Nilipotaka kuzifungua skrubu za kuzunguka pampu, akainama, akachukua tupa na kukwaruza alama pembeni, ili vipande viwili virudi vilivyokuwa. Hakunitazama. Nikafungua.

Ndani hapakuwa na utando wa pampu. Palikuwa na kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu, chambre à air, kimekatwa kwa kisu, kingo hazikulingana. Petroli ilikuwa imekivimbisha, kimekuwa laini na chenye mikunjo kama mkate wa muhogo, kwanga, uliolowa, na katikati kimepasuka mpasuko wa kuingia kidole. Mtu yeyote anayeshika injini anajua mpira wa aina ile hauwezi petroli. Utafanya kazi siku kadhaa, kisha utakufa.

Baba aligusa ule mpasuko kwa kidole. "Fundi aliyeitengeneza mbele ya safari aliniambia ameweka membrane mupya," alisema. "Nilimuuliza. Aliniangalia kwa macho, akasema mupya."

Nilitoka na kile kipande mkononi hivyo hivyo, mikono myeusi kwa oili, hadi karakana ya fundi huyo kando ya barabara. Alikuwa anakula. Alinipa pole ya msiba kwanza, kwa adabu zote. Nikamwekea mpira mezani, karibu na sahani.

"Ni nini hii?" nilimuuliza.

Aliukodolea macho. "Ah. Wakati ule pièce ilikuwa haipatikane. Niliweka ya kusaidia."

"Ulimuambia papa iko mupya."

"Papa yako alikuwa na haraka. Na gari iliondoka hapa ikitembea, hapana?"

"Mama yangu alikufa ndani ya njia."

Aliacha kula, akanawa vidole. "Pole sana, dada. Lakini siku ya mutu ikifika imefika. Ni Mungu amependa."

"Mungu hakukata chambre à air na kisu," nilisema. "Ni weye ulikata."

Hakuomba msamaha. Alisubiri tu niondoke. Nilikuwa nimefikiri kwamba ukweli ukishawekwa mezani kitu fulani kitatokea. Hakikutokea kitu. Niliuchukua mpira wangu nikaondoka.

Kesho yake nilivuka kwenda jijini, kwenye maduka ya vipuri ya wafanyabiashara waliotoka Butembo. Lile neno la fundi kwamba pièce haipatikani lilinipanda tena kichwani, kwa sababu mama mwenye duka la pili alinitolea utando wa pampu nyingine, mkubwa kidogo, mpira wake una kitambaa ndani. Nilirudi nao nyumbani, nikaukata kwa mkasi wangu wa kushonea kwa kufuata mdomo wa pampu, baba akautoboa matundu ya skrubu kwa msumari wa moto. Tukasafisha vali mbili zilizojaa uchafu. Wakati wa kufunga, baba aliushikilia mkono wa pampu umeshuka hadi mwisho, mimi nikakaza skrubu kidogo kidogo kwa kupishanisha, ili utando usivutike vibaya. Nikaziba tundu la kuingilia kwa kidole, nikausukuma mkono. Kidole kilinyonywa kwa nguvu. Tukamwaga oili mbovu, tukaweka nyingine. Lori liliwaka, likanguruma, halikuzimika. Sikufurahi. Nililisikiliza likinguruma nikataka kulipiga kwa nyundo.

Jumapili tonton alikuja na wazee wa familia kuzungumzia kuliuza. Niliuweka ule mpira mbele yao, nikaeleza kila kitu, pamoja na aliyoyasema fundi.

Tonton aliugeuzageuza. "Bon. Imepasuka, naona. Lakini nani aliipasua siku ile? Kwa nini si siku nyingine?"

Ndipo baba akasema, bila kupandisha sauti, "Ingepasuka siku nyingine, ungesema nini? Ungesema ni nani?"

"Kaka, mi natafuta tu—"

"Gari ni yangu. Bibi alikuwa wangu. Fundi ni mi nilimuchagua. Dada ya bibi yangu hajafanya kitu, na mutu atakayesema tena ile neno asiingie kwangu."

Tonton aliondoka bila kuaga. Mpaka leo, kwenye maombi yake, ninaambiwa anasema familia yetu imefumbwa macho.

Tulikwenda Yanonge na lori. Mama mukubwa alitoka nje, akabaki mlangoni. Baba alimsihi aje kukaa nasi Lubunga. Alikataa.

"Mulikuwa wapi wakati walikuja na moto?" aliuliza. "Shemeji, ulikuwa unanyamaza."

Baba akasema, "Ndiyo. Nilinyamaza."

Mama mukubwa hakumkaribisha kukaa. Baba alivua shati, akaenda kwenye lile jiko lililoungua, akaanza kuzing'oa nguzo nyeusi moja moja. Nilikwenda kumsaidia. Mama mukubwa alitutazama kutoka mlangoni, amekunja mikono, na sura yake haikulegea hata kidogo. Sikumlaumu. Yangu pia haikuwa imelegea.