Salamu Tulizorudi Nazo kutoka Nizwa

Krrr, halafu kach. Ndiyo sauti ya kamera ya kaka yangu, ile ya kuzungusha filamu kwa kidole gumba, na mpaka leo nikiisikia popote nageuka. Kaka alikuwa anafanya kazi Maskati. Akaniazima siku tatu tu, kwa sharti nisipige picha kuku wala paka. Filamu ilikuwa ya picha thelathini na sita, na nilishazigawa zote kichwani kabla hatujatoka Ibra, mji tuliokuwa tukikaa: ishirini za ngome ya Nizwa, kumi za soko, tano zangu mwenyewe nimeegemea ukuta kama wale watu wa kwenye kalenda. Iliyobaki, moja, ya Bibi.

Mgawo huo tu unatosha kunitia haya.

Ilikuwa mwanzo wa miaka ya themanini, nami nina miaka kumi na saba. Tulipofika Oman kutoka Unguja watoto wote tulianzishwa upya skuli kwa Kiarabu. Mie nikakaa na vitoto vinavyonifika kiunoni, nikaona haya, nikatoka bila ya kufika mbali. Lakini Kiarabu nilikipata, kingine darasani, kingine kwa majirani. Bibi, mama yake mama yangu, hakuwa na Kiarabu ila cha sala. Akenda dukani, akenda hospitali, ulimi wake ulikuwa mimi.

Safari ile ya Nizwa mimi niliiita kutembea. Bibi alikuwa anapeleka salamu.

Baba yake alikuwa Mnizwa. Aliondoka kijana, kagombana na kaka yake juu ya maji. Kule kila shamba la mitende lina zamu yake ya maji ya falaji, ule mfereji unaolisha mji mzima, na mtu akiyageuzia kwake katika saa yako ni kama kakunyang'anya tonge mkononi. Ndugu wawili wale wakatukanana, kulipokucha mmoja hayupo. Akaishia Unguja, akaoa, akazaa, hakurudi tena. Alipokuwa kwenye kitanda cha mauti akamwambia Bibi: "Ukijaaliwa kufika Nizwa, watafute watu wa kaka yangu. Waambie yale maji nimemsamehe, na yeye anisamehe." Bibi akakaa na maneno hayo miaka zaidi ya thelathini. Kila akimaliza sala ya alfajiri alikuwa akiyasema polepole, yasije yakampotea.

Aliyetupeleka ni mjomba wangu, mtoto wake Bibi. Kazini kwake alipata karatasi ya ruhusa ya kuingia ngomeni, maana siku zile huingii hivi hivi, na karatasi yenyewe mwisho wake adhuhuri ya Alkhamisi ile.

"Mama, na kikapu chote hicho?" akauliza Mjomba tulipokuwa tunapanda gari.

"Mkate wa kumimina. Mtu haendi kwa jamaa zake mikono mitupu."

"Jamaa gani, Mama? Hata hawakujui. Watakuuliza, we nani?"

"Ntawaambia mie nani. Si yupo mke mwenzangu huyu, atanisemea." Akanipiga kofi la paja. Ndivyo alivyokuwa akiniita, utani wa mabibi wa kwetu kwa wajukuu zao wa kike.

"Huyu?" Mjomba akanitazama kwenye kioo. "Huyu leo mtalii, Mama. Humwoni na miwani yake ya jua? Jua lenyewe halijatoka."

Tukacheka wote. Tukateremka mpaka Bidbid inapogawanyika njia, tukashika ya Nizwa, na Bibi hakusinzia hata kidogo. Alikuwa akisoma milima. "Hii Baba kanielezea," anasema, kila mlima. Mjomba akamwambia baba yake basi alikuwa na kumbukumbu kubwa, na Bibi akamjibu kumbukumbu hiyo kamrithi binti, mjukuu kaikosa, ndiyo maana kila siku funguo za gari zinatafutwa na nyumba nzima.

Tulifika kiasi cha saa tatu asubuhi. Mjomba akatuacha kwenye mtaa wa zamani, mwenyewe akenda sokoni kutafuta halua, tukapatana saa tano mlangoni pa ngome. Vichochoro vile vya udongo ni vyembamba, watu wawili wakipishana mmoja aegemee ukuta, na ngome unaiona juu ya mapaa popote unapogeuka, mnara mnene wa duara kama chungu kikubwa kilichofunikwa. Kila nikiiona moyo unaruka. Nilikuwa nikiota kwamba siku moja nitakuwa mtangazaji wa redio, nazunguka miji nawaelezea watu, na kwa sauti ya ndani nilishaanza: wasikilizaji, tuko Nizwa.

Bibi alikuwa na jina la ukoo na la msikiti. Nikamuuliza mzee mmoja aliyekuwa anatawadha penye falaji, akatuonyesha mlango kwa kidole. Bibi akasimama mbele yake, akajipangusa uso kwa ncha ya kanga, akapiga hodi kwa Kiswahili, hodi ya kwetu ya kuvuta. Akatoka mwanamke mkubwa kuliko Bibi, kavaa shela jekundu, jicho moja limeingia ukungu.

"Shikamoo," Bibi akasema. Ilimtoka tu.

Yule mama akamtazama mdomo. Kisha akatushika mikono, akatuingiza ndani, akatandika mkeka, zikaja tende na kahawa.

Sasa hapa nieleze desturi yao, maana ndipo nilipoharibu. Watu wa ndani ya Oman mgeni akishakaa humuuliza uluum, yaani habari. Na jibu la kwanza ni moja kwa wote: hapana habari. Hata kama nyumba yako imeungua jana, unasema hapana habari, kheri tupu. Sisi nasi tuna yetu, mtu anakata roho ukimuuliza hujambo atakwambia sijambo. Ila wao, kahawa ikishanyweka, mwenye nyumba hurudi kuuliza mara ya pili, mna haja gani, na hapo ndipo mtu anapolitoa lililomleta.

Akauliza uluum. Nikajibu hapana habari. Vizuri, nimejibu kama mtoto aliyelelewa.

"Mwambie," Bibi akaninong'oneza.

"Bado, Bibi. Si adabu kabla ya kahawa."

Na kweli si adabu. Lakini yule mama kahawa aliipika kwa raha yake, anamimina kidogo, anasubiri, anamimina tena. Mimi jicho liko kwenye saa ya Bibi. Saa nne na robo. Saa nne na nusu. Karatasi adhuhuri. Nikiangalia uani naona kipande cha ule mnara na jua limeupiga vizuri kabisa, na najua jua hilo haligandi. Nikakitikisa kikombe mapema, ishara ya kwamba nimetosheka, Bibi akaniona akatikisa na yeye.

"Lugha gani mnayosema?" akauliza yule mama kwa Kiarabu.

"Ya Sawahili," nikamjibu, ndivyo wanavyoiita pwani ya kwetu. Nikaona haya, na haya ile ninaijua ilikotoka, kwa wasichana wa skuli waliokuwa wakiniita Mzinjibari huku wakiziba pua. Nikaongeza, "Lakini sisi wa Maskati. Tumekuja kutembea, kuona ngome."

Akanitazama kwa lile jicho zima. Akamtazama Bibi, akarudi kwangu.

"Hamna haja?"

Ndio mlango wenyewe huo, umefunguliwa wazi. Maneno ya Bibi nilikuwa nayajua kwa moyo, Kiarabu cha kuyasemea nilikuwa nacho. Lakini niliona nikianza na yale maji yatatoka maneno ya saa nzima, na kilio, na majirani wataitwa, na mnara utanipita. Nikajiambia tutarudi baada ya ngome.

"Hatuna," nikasema. "Tunatembea tu."

Bibi akanivuta nguo. "Kasemaje?"

"Kasema mwenye habari ni mumewe, hayupo. Turudi baada ya sala."

"Umemwambia sisi nani?"

"Nimemwambia, Bibi."

Akafurahi, masikini ya Mungu. Akakifungua kikapu chake, akautoa ule mkate mzima, akaushika mkono wa yule mama akauweka juu ya mkate, akaupigapiga. Yule mama hakufahamu kwa nini watu wa Maskati wanaotembea tu wamwachie mkate mkubwa kama ule. Alitusindikiza mpaka nje, akabaki amesimama mlangoni.

Ngomeni Bibi alizitazama ngazi akacheka. "Nendeni. Baba hakunituma huko juu." Akakaa chini penye kivuli karibu na mlango, na askari akamletea maji. Mimi na Mjomba tukapanda. Sisemi uongo mwingine: nilifurahi. Palikuwa na Wazungu wawili na kofia zao, nikasimama karibu yao nikajiona na mimi mtu wa dunia. Mitende chini imeenea kama zulia, mapaa ya udongo, kuba la msikiti. Krrr, kach. Mjomba alishuka kabla yangu. Mie nilibaki mpaka askari akaja kunitoa, adhuhuri imeshaadhiniwa.

Chini nilimkuta Bibi uso umekuwa wa majivu, miguu imevimba viatu haviingii. Presha yake ilikuwa haipendi joto. Mjomba kapiga magoti anampepea kwa gazeti.

"Twende nyumbani, Mama. Nizwa haikimbii."

"Tumeahidi," akasema Bibi. "Muulize mke mwenzangu. Yule mama anatungojea."

"Tutakuja tena baada ya Idi. Au vipi wewe?"

Wakanitazama wote wawili. Nyumba ile haikuwa mbali, na gari lingefika karibu. Ningesema Mjomba, dakika kumi, mimi nitakwenda mbio peke yangu nimwambie. Sikusema. Na si kwa ajili ya presha ya Bibi, ingawa ndivyo nilivyojipa moyo. Tukirudi pale yule mama angeshangaa, hakutwambia turudi, hana mume anayengojewa, na uongo wangu ungekuwa uchi mbele ya watu.

"Baada ya Idi, Bibi," nikasema.

Njiani, kabla ya kufika Bidbid, akafumbua macho. "Saa hizi mwanamke wa watu kashawasha moto. Kaweka kahawa. Loo, tumemtia aibu." Akanigeukia. "Tukenda tena, kwanza muombe radhi kwa kungoja. Ndipo useme la Baba."

"Inshallah."

Idi hakuifika. Alilala wiki sita, na katika wiki hizo alinifundisha lile la kuomba radhi, akilipamba kila siku, namna ya kuingia, namna ya kukaa, niseme tulizidiwa si kwamba tuliwadharau. Mimi namkanda miguu naitikia. Mara mbili nilifungua mdomo nimwambie kweli. Mara ya kwanza akaingia jirani. Mara ya pili hakuingia mtu yeyote, niliufunga mwenyewe.

Picha zilitoka nzuri. Kaka alizisifu. Ile moja ya Bibi sikuipiga.

Ikapita miaka. Nikajifunza kupiga taipu, nikapata kazi katika ofisi moja, na siku moja ofisi ikatupeleka Bahla kwa shughuli, tukasimama Nizwa kwa chakula cha mchana. Niliwaambia wenzangu sina njaa, nikaingia kwenye vichochoro. Mtaa ulikuwa umepwaya, nusu ya nyumba zimefungwa, watu wamehamia majumba mapya ya saruji. Mlango ule nao una kufuli. Mwanamke aliyekuwa akifua penye falaji akaniambia yule mama alifariki mwaka wa nyuma yake, wanawe wako Maskati, huja mara moja kwa mwaka wakati wa kuvuna tende. Nikamuuliza, marehemu alikuwa na jamaa waliokwenda Sawahili? Akasema yeye kaolewa pale juzi tu, mambo ya zamani hayajui. Akaniuliza kama nina haja.

Nikamwambia ninayo.

Kisha nikarudi mlangoni, nikakaa chini. Kwenye mkoba nilikuwa na daftari la kazini na kalamu. Nikaandika kwa Kiarabu changu cha skuli, herufi kubwa kubwa: jina la Bibi, la baba yake, la babu yake. Nikaandika kwamba yale maji kaka mtu kasamehewa, na aliyeondoka anaomba asamehewe. Nikaandika tulifika siku ile na mkate, na kwamba Bibi hakujua, aliyenyamaza ni mimi. Nikaichana karatasi, nikaikunja mara moja, nikaipitisha chini ya mlango. Ikakwama, pembe imebaki nje. Nikaisukuma kwa kidole mpaka ikaingia yote.