Tundu la Tano

Alhamisi moja ya Aprili, mwaka 1984, nilimpoteza kaka yangu kwa homa ya siku nne. Tulikuwa wawili tu kwa mama. Yeye alikuwa fundi wa redio na televisheni pale Malindi. Mimi kazi yangu ilikuwa kutia mashua kalafati, yaani kuziba nafasi za mbao kwa uzi wa pamba uliolowekwa mafuta, maji yasiingie.

Makaburini, kabla watu hawajatawanyika, nilisimama nikasema linalosemwa na wenye maiti: "Anayemdai marehemu aje kwetu." Sauti ilinitoka ndogo. Nilidhani hatakuja mtu.

Siku ya hitima, watu walipokuwa wakinawa, akaja nyapara mmoja wa mashamba ya chumvi ya Marereni, mtu mzima wa bara, kofia mkononi. Alikuwa amenunua kwa mtalii gari lenye kitanda na jiko ndani, akalifanya nyumba yake hukohuko kazini. Mwaka uliotangulia kaka alimfungia antena ya televisheni juu ya paa lake.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba. Poleni sana. Ni wewe ulisema mwenye anamdai aje?"

"Ni mimi."

"Mimi simdai pesa. Lakini gari inanyesha ndani. Hapo alifunga antena maji inapita, inaanguka kwa kitanda. Nalala na sufuria kwa kifua. Hata bibi yangu hajawahi kunikumbatia hivyo."

Hakucheka mtu. Mama alikuwa nyuma ya pazia na alisikia yote. Wageni walipoondoka akaniambia, "Usimwache mwenzio kaburini na dai la mtu. Nenda kesho."

Siku antena ile ilipofungwa nilikuwepo, nimefuatana na kaka kumshikia ngazi. Kuna jambo nililijua, nami usiku kucha nililizungusha kichwani nikitafuta namna ya kutolisema.

Nilifika Marereni asubuhi na mfuko wa spana za marehemu. Wingu lilikuwa limeshasimama upande wa baharini, jeusi, na wachukuzi wa chumvi walikuwa mbioni kufunika marundo yao. Nyapara aliegemeza ngazi kwenye gari, akaishika.

"Fungua hiyo kitu ushuke. Sitaki televisheni tena, nataka kulala. Na ukibonyeza paa, nitakudai wewe!"

Nilipanda. Paa lilikuwa bati jembamba, likinung'unika kila nilipohamisha goti. Antena ilisimama juu ya kitako cha chuma, na kitako kimekazwa kwa bolti nne. Chumvi ilikuwa imezila. Tatu zilizunguka kwa shida. Ya nne kichwa kilikuwa kimelika, spana ikaniponyoka, ikateleza hadi ukingoni.

"Nini hiyo?" akauliza nyapara kutoka chini.

"Spana."

"Hiyo si mashua, kijana! Pole pole!"

Nikachukua msumeno wa chuma. Kila nikivuta, bati lilitetemeka chini ya tumbo langu, nami niliogopa nitalipasua kabisa na mvua ile inakuja. Upepo ulikuwa umeshaanza kuitikisa antena. Bolti ilipokatika nikakiinua kitako.

Chini yake palikuwa na matundu matano.

La tano lilitoboka kwa makosa, keekee ilipoteleza mkononi mwa kaka. Alisikitika sana siku ile. Alitaka kurudi mjini akatafute kipande cha bati na misumari yake. Mimi ndiye niliyemzuia. "Lete nikuzibie," nilimwambia, "mimi nazuia bahari, nitashindwa na mvua?" Akasema, "Hili bati, si mbao." Nikamcheka. Nikaligongomea pamba na mafuta, tukalifunika kwa kitako, tukaenda zetu. Mbao hunywa maji ikafura, ikaushika uzi. Bati halinywi. Yeye alilijua hilo, akaninyamazia kwa kuwa mimi ni mdogo wake na nilikuwa nikijisifu.

Pamba ilikuwa palepale, nyeusi, imeoza, na maji yanang'aa pembeni mwake. Ningeweza kuing'oa nikaitia mfukoni. Nyapara asingejua lolote.

"Umeona nini?" akauliza.

"Panda uone."

Alipanda hadi kichwa chake kikatokeza juu ya ukingo. Nikamwonyesha.

"Tundu hili nimeliziba mimi. Kaka alinionya. Dai lako si la marehemu, ni langu."

Akalitazama tundu, akanitazama mimi, akalitazama wingu.

"Sasa wewe unataka tuhukumiane hapa juu? Mvua haiulizi ni ya nani. Ziba!"

Aliniletea lami ndani ya mkebe na kipande cha bati cha debe. Tuliyafunika matundu yote kwa bati lile, tukapiga misumari ya kubana, tukapaka lami mara mbili, vidole vyetu vikashikana. Matone ya kwanza yalitukuta bado juu. Tuliingia ndani tukasimama kando ya kitanda, vichwa juu. Mvua ilipiga hadi adhuhuri. Dari lilibaki kavu.

"Basi," akasema. "Yeye simdai."

"Na mimi?"

"Wewe ngoja kwanza mvua inyeshe mwezi mzima, tuone."

Nilimweleza mama yote, hata la kujisifu. Alilia, kisha akaniuliza kama nimekula.

Wiki iliyofuata nilirudi Marereni. Palikuwa pamevuja tena, kidogo, kwenye kona ya kiraka. Nyapara aliniletea ngazi, akaishika, nikapanda.