Habari ya Jicho Si Salamu

Nakumbuka siku moja shangazi yangu Mwanakombo alinifinya paja mbele ya daktari, na hadi leo paja hili halijasahau.

Wakati huo, mwanangu, nilikuwa msichana wa Takaungu, kazi yangu kudarizi kofia. Riziki yangu ilikuwa machoni. Ndipo jicho la kulia likavimba, likawa jekundu, hata mwanga wa mlangoni ukinichoma. Hospitalini Kilifi wakaniambia ni virusi, ndugu na vile vinavyotoa malengelenge mdomoni, navyo vimeshafanya kidonda kwenye kioo cha jicho. Nikizembea, nitapofuka.

Palikuwa na dawa mpya ya matone ikifanyiwa majaribio. Wengine wangepewa hiyo, wengine ile ya zamani, na hata daktari mwenyewe hakujua nani anatia ipi. Alinieleza yote, akaniambia naweza kukataa na bado nitatibiwa vilevile. Nikakubali, wala sijutii.

Lakini dawa ilichoma, mwanangu! Kila nikitia nilishika ukuta. Siku ya kurudi, daktari yule, kijana mpole wa kutoka bara, akaniuliza, "Habari ya jicho, dada?"

"Njema, alhamdulillahi."

"Dawa haikusumbui?"

"Haina neno."

Si unatujua watu wa pwani? Hata nyumba ikiungua, ukisalimiwa utajibu njema kwanza, habari za moto zifuate. Tena nilimwonea huruma kijana wa watu. Amejitahidi hivyo, nami nimwambie dawa yake mbaya?

Hapo ndipo paja likafinywa.

"Kwani hapa twaamkuana?" shangazi akafoka. "Jana ulilia umeshika ukuta, leo haina neno! Huyu akiandika haina neno, kesho atatiwa dawa hiyohiyo mtoto wa mwenzio. Adabu yako itampofua mtu. Mficha uchi hazai. Sema!"

Nikasema yote, machozi yakinitoka, sijui ya jicho au ya aibu. Nilidhani daktari atanuna. Kumbe alinishukuru kama niliyemletea zawadi. Akalimulika jicho, akaona dawa inakiparura kioo badala ya kukiponya. Akaniachisha siku ileile, nikaanzishwa matibabu mengine, na kidonda kikafunga. Baadaye tulisikia niliyokuwa nikitia ni ile mpya, na si mimi pekee niliyechomwa. Waliipunguza makali, wakaijaribu upya.

Sasa wewe waniambia umeitwa kwenye utafiti wa dawa na moyo wasita. Usikimbie kwa maneno ya barazani. Uliza: dawa hii ni ya nini, yaweza kunidhuru vipi, nikitaka kutoka nitatoka? Wakikujibu ukaridhika, ingia. Ila ukishaingia, usimpendeze daktari, mwambie kweli. Ikiwasha, sema yawasha. Isipofaa kitu, sema pia, maana hilo nalo ndilo wanalolitafuta. Dawa haiwi salama kwa sababu wagonjwa wake wana adabu. Mficha maradhi kilio humfichua, na kwenye majaribio kilio chenyewe chaweza kuwa cha nyumba ya jirani.

Jicho langu lile ndilo lililotunga uzi kwenye sindano asubuhi hii. Kwa miwani, nakiri, lakini limetunga.

Nenda, mwanangu. Mola akulindie macho yako, aufungue ulimi wako, na pale utakapoona haya, akupe shangazi wa kukufinya.